Wanaharakati tujifunze kisima cha Madyan: Khidma kwanza, uongozi baadaye

 

Ndugu zangu katika imani, ukikaa leo kwenye kibaraza cha msikiti wowote baada ya swala ya Alasiri, hutachukua muda kusikia neno moja likirudiwa na wazee kwa vijana: “Kura haina maana.” Wanaolisema wana sababu zao. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa, na viti vingi vikachukuliwa bila kupingwa. Katika uchaguzi kama huo wa Novemba 27, 2024, wagombea wengi wa upinzani walilalamikia kuenguliwa, na chama tawala kikatangazwa kupata zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji. Kisha ukaja uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025, ambao uliandamana na vurugu na raia wakapoteza maisha. Tunamuomba Allah awape subira waliofiwa, na kila mwenye haki aipate haki yake.

Baada ya hayo, vijana wetu wengi waliokuwa mstari wa mbele katika harakati wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza limekata tamaa kabisa, limerudi nyumbani na kufunga mlango. Kundi la pili limekaa kusubiri uchaguzi mwingine, na mpaka ufike halina la kufanya isipokuwa kulaumu na kusambaza maneno kwenye simu. Makala hii inasema na makundi yote mawili. Hoja yangu ni kwamba demokrasia haikai ndani ya sanduku la kura peke yake. Inakaa kisimani, shuleni, zahanati na kwenye mkutano wa kijiji, na mwanaharakati asiyeonekana huko hana msingi wa kusimamia dai lake kubwa.

Musa (AS) alianzia wapi?

Tukitaja Nabii Musa (AS), wengi wetu tunamkumbuka akiwa mbele ya Firauni, akidai Bani Israil waachiwe huru. Hiyo ndiyo picha wanayoipenda wanaharakati. Lakini Allah (SW) ametusimulia katika Suratul Qasas kilichotangulia, na ndani yake mna somo ambalo tumelipita haraka.

Musa (AS) alifika Madyan akiwa mkimbizi. Alikuwa mgeni, hana ndugu, hana chakula na anatafutwa. Pale kwenye maji akakuta kundi la watu wakinywesha wanyama wao, na pembeni wapo wanawake wawili wakiwazuia wanyama wao wasisogee. Aya ya 23 inatueleza kuwa aliwauliza wana jambo gani. Wakamjibu kuwa hawawezi kunywesha mpaka wachungaji waondoke, na kwamba baba yao ni mzee sana. Aya ya 24 inatueleza kuwa akawanyweshea, kisha akaenda kukaa kivulini na kumuomba Mola wake kwa kuwa alikuwa mhitaji wa kheri yoyote atakayomteremshia.

Tuyazingatie mambo manne hapa. La kwanza, aliuliza kabla ya kutenda. Hakujifanya anajua shida za watu wa Madyan kuliko wao wenyewe. La pili, alichokikuta hakikuwa shida ya maji tu. Maji yalikuwepo. Shida ilikuwa ni utaratibu wa dhulma, wenye nguvu wanakunywa mwanzo na wanyonge wanasubiri yatakayobaki. Kwa hiyo khidma yake ilikuwa pia ni kusimamia haki. La tatu, hakudai malipo wala shukrani, ingawa yeye mwenyewe alikuwa na njaa. La nne, na hili ndilo kubwa, sifa zake hakuzitaja yeye. Katika aya ya 26 ni mmoja wa wale wanawake aliyemwambia baba yake amuajiri, kwa kuwa mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na muaminifu. Ushahidi ulitoka kwa aliyehudumiwa.

Na hapo Musa (AS) hakupelekwa moja kwa moja kwa Firauni. Makubaliano yaliyotajwa katika aya ya 27 yalikuwa ni kufanya kazi miaka minane, na akitimiza kumi ni hiari yake. Aliyekuja kusimama mbele ya dola kubwa ya zama zake alitanguliza miaka ya kuchunga mifugo ya mzee mmoja. Leo kijana anataka asimame mbele ya Firauni siku ya kwanza, na kule mtaani kwake hakuna hata bibi mmoja anayeweza kusema: “Huyu nilimuona, ni mwenye nguvu na muaminifu.”

Khidma ndogo si ndogo

Wapo wanaodhani kuwa kuzibua mtaro au kukarabati choo cha shule ni kazi ya kupoteza muda, na harakati zenyewe ziko kwenye majukwaa na makongamano. Hao waisome upya Suratul Maun. Allah (SW) amewakemea wanaoswali huku wakijionesha, na akamalizia kwa kuwataja wanaozuia msaada mdogo mdogo wanaoazimana majirani. Na Mtume (SAW), katika hadithi mashuhuri ya matawi ya imani iliyopokewa na Bukhari na Muslim, alilitaja tawi la juu kuwa ni shahada ya Tawhid, na la chini kabisa, katika mapokezi ya Muslim, kuwa ni kuondoa njiani kinachowaudhi watu. Kwa hiyo jiwe la barabarani nalo limo ndani ya imani.

Ibn Saad amesimulia katika Tabaqat kuwa Abubakar (RA) alikuwa akiwakamulia majirani zake mbuzi wao. Alipopewa ukhalifa, binti mmoja wa mtaa ule akasema sasa hatakamuliwa tena. Abubakar (RA) akaapa kuwa ataendelea, na akaendelea. Huyu ndiye kiongozi ambaye katika hotuba yake ya kwanza aliwaambia watu wamsaidie akifanya vizuri na wamnyooshe akikosea. Mtu anayekamua mbuzi wa jirani ni rahisi kunyooshwa, kwa sababu hajapanda mahali ambapo mkono wa raia haumfikii.

Milango iliyo wazi

Swali linalofuata ni hili: khidma ya mtaani inaimarishaje demokrasia? Je, si sadaka tu? Jibu ni kuwa katika nchi yetu ngazi ya chini ina vyombo vyenye mamlaka, ila tumeviachia wachache. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 145 na 146, inaziweka serikali za mitaa kwa lengo la kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Namba 7 ya mwaka 1982 inaufanya mkutano mkuu wa kijiji, wenye wakazi wote waliofikisha umri wa miaka 18, kuwa ndiyo mamlaka ya juu kabisa kijijini. Halmashauri ya kijiji yenye wajumbe kati ya 15 na 25 inawajibika kwenye mkutano huo, na mkutano unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu.

Tujiulize: ni lini mara ya mwisho tulihudhuria? Mara ngapi mwenyekiti amesoma mapato na matumizi mbele ya watu wanane na mbwa mmoja, kisha sisi tukaja kulalamika kuwa fedha zimeliwa?

Aidha, ipo kamati ya shule. Ipo kamati ya usimamizi wa zahanati au kituo cha afya. Vipo vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, ambavyo chini ya Sheria ya Huduma za Maji Namba 5 ya mwaka 2019 ndivyo vinavyoendesha miradi mingi ya maji vijijini. Lipo baraza la ardhi la kijiji, ambalo Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 imeweka liwe na wajumbe saba, na watatu miongoni mwao wawe wanawake. Ipo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo mgawanyo wake uliwekwa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ikasitishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro za usimamizi na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. (Waislamu wenye kutaka mkopo waulize kwanza kuhusu masharti, isije ikaingia riba.)

Nafasi hizi nyingi hazina posho ya maana, na ndiyo maana hazigombewi sana. Lakini huko ndiko inakoamuliwa kama pampu itatengenezwa, kama shamba la mjane litaporwa, na kama dawa zilizopokelewa ndizo zilizofika kwa mgonjwa. Kijana aliyekaa miaka mitatu kwenye kamati ya maji anajua kusoma hesabu, kuendesha kikao, kusikiliza asiyekubaliana naye na kukubali kushindwa hoja. Hiyo ndiyo demokrasia yenyewe, na haifundishwi kwa semina ya siku mbili hotelini.

Khidma bila hesabu ni upofu

Hata hivyo, nisieleweke kuwa ninawaambia wanaharakati wageuke vibarua wa bure wa watu walioshindwa kazi. Ipo hatari hiyo. Wananchi wakichangishwa kujenga darasa, na fedha iliyotengwa kwa darasa lile ikaishia mfukoni mwa mtu, basi kujitolea kwetu kumemfichia mwizi wizi wake. Khidma isiyouliza maswali humlisha fisadi, na maswali yasiyo na khidma huwa ni kelele ambazo mtaa umezizoea.

Katika hadithi ya Abu Humaid As-Saidiy (RA), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) alimtuma mtu aitwaye Ibnul Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi akatenga fungu, akasema hili ni lenu na hili nimezawadiwa mimi. Mtume (SAW) hakulinyamazia jambo hilo wala hakulimaliza faraghani. Alipanda mimbari, akamshukuru Allah na kumsifu, kisha akahoji mbele ya watu: mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, je, angeletewa zawadi hiyo? Swali hilo linatosha kuwa kanuni ya kila mkutano wa kijiji.

Kanuni ya pili iko katika aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'an, aya ya deni (2:282). Allah (SW) ameamrisha muamala wa deni uandikwe, mwandishi awe muadilifu, washuhudiaji wawepo, na tusichoke kuandika, jambo liwe dogo au kubwa. Ikiwa mkopo baina ya watu wawili unaandikwa hivyo, vipi mchango wa kaya mia tatu? Wanaharakati waanze na nafsi zao. Mchango wa msikiti, wa madrasa, wa mazishi, wa kisima, yote yawe na daftari, risiti na ubao ambapo kila mtu anasoma. Kamati ya msikiti isiyosoma mapato na matumizi kwa miaka mitano haina ulimi wa kumuuliza mtendaji wa kata.

Sote tumo jahazini

Mtume (SAW), katika hadithi ya Nuuman bin Bashir (RA) iliyopokewa na Bukhari, alitupigia mfano wa watu waliogawana jahazi, baadhi wakapata sehemu ya juu na wengine ya chini. Wa chini wakitaka maji huwapitia wa juu. Wakaona watoboe tundu kwenye sehemu yao ili wasiwaudhi wenzao. Wakiachwa, wataangamia wote. Wakizuiwa, wataokoka wote.

Mara nyingi hadithi hii husomwa kwa kuwalaumu wa chini. Lakini tutazame na upande wa pili. Watu wa chini walikuwa na kiu ya kweli, na njia ya kuyafikia maji ilikuwa inawaudhi wa juu. Wenye madaraka wakiona kero kusumbuliwa na raia, raia hutafuta njia nyingine, na njia nyingine aghlabu ni tundu. Kazi ya mwanaharakati muumini ni kuziba pande zote mbili: amzuie kijana mwenzake asitoboe jahazi kwa hasira, na amwambie wa juu bila woga kuwa ngazi ya kuchotea maji isifungwe.

Na jahazi hili lina Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Kisima hakiulizi dini. Kabla ya kupewa utume, Muhammad (SAW) alihudhuria Hilful Fudhul, mapatano yaliyofanyika Makka nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an, baada ya mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen, kudhulumiwa bei ya bidhaa zake na mkubwa mmoja wa Kiquraish. Waliapa kuwa pamoja na mwenye kudhulumiwa mpaka arejeshewe haki yake. Baadaye, akiwa Mtume, alisema kuwa lau angeitwa kwenye mapatano kama hayo ndani ya Uislamu angeitikia. Waliokutana katika nyumba ile walikuwa washirikina, na bado haki iliwakutanisha. Basi sisi tunashindwaje kukaa na jirani Mkristo kwenye kamati ya zahanati?

Wazee wetu waliijua njia hii

Historia ya nchi yetu nayo inashuhudia. Waliojenga harakati za kudai uhuru hawakuanza na hotuba. African Association iliasisiwa Dar es Salaam mwaka 1929, na miongoni mwa waasisi wake ni Kleist Sykes, ambaye pia alikuwa katika uongozi wa Al Jamiatul Islamiyya iliyowajengea watoto wa Kiislamu shule pale mjini. Jumuiya zile zilisomesha, zilizika na ziliuguza. Mwaka 1954 TANU ilipoundwa, ilikuta watu wamekwishajuana na kuaminiana kwa miaka mingi. Bibi Titi Mohamed naye alipowaingiza akina mama katika harakati alipita kwenye vikundi vyao vya ngoma, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vikisaidiana katika shida na furaha. Mtandao wa khidma ulitangulia, siasa ikaja kukaa juu yake.

Tahadhari tatu

Ya kwanza ni takrima. Wapo watakaosoma makala hii na kukimbilia kununua magunia ya mchele mwezi mmoja kabla ya kura. Takrima iliwahi kuhalalishwa katika sheria zetu za uchaguzi mwaka 2000, na Mahakama Kuu ikaitengua mwaka 2006. Kwa Muislamu hukumu ilikuwepo tangu zamani, kwani Mtume (SAW) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji wake. Tofauti ya khidma na takrima ni rahisi kuipima: khidma inaendelea siku ambayo hakuna kura.

Ya pili ni ria. Kijana anazoa taka nusu saa na anapiga picha saa nzima. Katika Suratul Insan (76:8-9) wamesifiwa wanaolisha maskini, yatima na mfungwa kwa ajili ya Allah tu, hawataki malipo wala shukrani. Ukiitwa mgombea kwa sababu watu wamekuamini, hilo ni jambo jingine. Usiifanye khidma kuwa ngazi, ukifika juu ukaitupa.

Ya tatu ni hoja ya baadhi ya ndugu zetu kuwa demokrasia si jambo letu. Wanachokihofia kina ukweli: kwa Muislamu, halali na haramu haviamuliwi kwa wingi wa mikono. Lakini nani afungue bomba saa ngapi, nani ashike fedha za shule na nani aondolewe kwa uzembe, haya ni katika mambo ambayo Allah (SW) amewasifu waumini kuwa huyaendesha kwa kushauriana (42:38). Tukisusa mashauriano hayo, uamuzi hautangoja. Utafanywa na waliohudhuria, na sisi tutanywa maji yaliyobaki kama wanyama wa wale wanawake wa Madyan.

Tuanze wapi?

Wito wangu kwa vijana wa misikitini, wa vyuoni na wa vijiweni ni huu. Chagueni jambo moja tu mtaani kwenu, lile ambalo wanyonge wenyewe wamelitaja mlipowauliza. Lisimamieni mwaka mzima. Andikeni kila senti. Hudhurieni kila mkutano wa kijiji au mtaa, na usipoitishwa, andikeni barua ya heshima kuuliza kwa nini. Mkijibiwa vibaya, andikeni nyingine. Chuki isiwafanye muache uadilifu (5:8): kiongozi akifanya vizuri semeni, hata kama hamkumchagua. Na maimamu wetu wawape vijana hawa nafasi ya kutoa taarifa baada ya swala, kama wanavyowapa nafasi wanaochangisha.

Sikuahidini kuwa mkifanya haya uchaguzi ujao utakuwa wa haki. Hilo liko juu ya wengi, na wenye mamlaka wataulizwa kwa amana walizobeba. Lakini kijiji ambacho watu wake wamezoea kuuliza hesabu ya pampu hakidanganyiki kirahisi kwenye hesabu ya kura. Na siku itakapohitajika mtu wa kusimama mbele ya wakubwa kusema neno la haki, hatutahangaika kumtafuta. Bibi wa kisimani atamnyooshea kidole, atasema huyu hapa, mwenye nguvu na muaminifu.

Ewe Mola wetu, tufanye kuwa wenye manufaa kwa waja wako, utakase nia zetu, uilinde nchi yetu na damu za watu wake, na utupe viongozi wanaokuogopa Wewe. Amin.